Bertha Msusi na Mji wa Kina

Kitabu kililetwa hapa kwetu Mtama na Romana, mtoto wa dada yake Bertha, aliyekuja likizo ya mwezi wa kumi na mbili kisha akarudi shuleni Lindi akakisahau chini ya mto wa kulalia. Kilikuwa chembamba, cha jalada la buluu. Mbele kilichorwa msichana aliyevaa nguo za angani, kashikwa mkono na mashine yenye macho ya taa. Jina lake Mji wa Kina. Nyuma wameandika kwamba ni hadithi ya kisayansi kwa vijana. Bertha alikuwa keshavuka hamsini.

Yeye ni msusi. Kibanda chake kilikuwa jirani na stendi, kinapakana na cha mzee Fidelis fundi viatu, na kinatazamana na changu mimi ninayeshona nguo, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Alifiwa na mume miaka mingi nyuma. Mwanawe wa pekee yuko Mbeya na familia yake. Tulimjua kama mtu mpole, wa maneno machache, ambaye akikusuka unasahau kwamba una kichwa kinachouma.

Siku za baada ya Krismasi na mwaka mpya wasusi hukaa bure, maana kila kichwa kimeshasukwa kwa ajili ya sikukuu. Bertha akakichukua kile kitabu kufukuzia usingizi. Mchana ule niliinua macho kwenye cherehani nikamwona amesimama mlangoni anasoma, sufuria ya kunde nyuma yake inatoa moshi mweusi. Nikamwita. Hakusikia. Nikavuka barabara nikaepua sufuria mwenyewe, naye akanitazama kama mtu aliyeamshwa, akaniuliza kama najua kwamba kuna mahali ambapo jua linaonekana dogo kama punje ya mtama.

Hadithi yenyewe ilihusu mwezi mmoja wa mbali sana, ulioganda barafu juu na una bahari chini yake. Watu wa siku zijazo wamejenga mji ndani ya bahari hiyo. Kuna msichana anaitwa Tatu, aliyezaliwa kulekule, ambaye hajawahi kukanyaga mchanga wala kuona mbuzi. Amelelewa na mashine kuukuu iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga hesabu za hewa, lakini watoto wameizoea na wanaiita Babu Bati. Bertha alinisimulia yote hayo akiwa ameshika mkono wangu, tena anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona anacheka namna ile, mpaka mabega yanatikisika.

Shida ilianza wateja waliporudi. Msusi hana mkono wa kufunulia ukurasa. Bertha alijaribu kukiweka kitabu mapajani pa mteja, akakibana kwa kichanuo, lakini upepo ukawa unamfunulia sura asizozitaka. Wa kwanza kuingia mtegoni alikuwa Hamida, muuza dagaa na samaki wakavu, mwenyeji wa Sudi aliyeolewa hapa kwetu. Hamida alikuja kusuka rasta ndogo ndogo, kazi ya kutwa nzima. Bertha akamwomba kwa adabu kwamba, kwa kuwa amekaa tu na mikono yake haina shughuli, amsomee ukurasa mmoja.

Hamida alisoma kwa uvivu, kama anayesoma maelezo ya dawa. Ukurasa wa pili akakaa sawa. Tatu alipotoroka na Babu Bati kwenda kuangalia ukingo wa mji, pale taa zinapoishia na giza la bahari linapoanza, Hamida akaanza kubadilisha sauti: nyembamba ya Tatu, na nzito ya kukwaruza ya Babu Bati. Rasta ziliisha jua likiwa bado liko juu. Bertha akamwambia amekwisha, anaweza kusimama. Hamida akajibu kwamba hasimami, kwa kuwa kuna kitu kimegonga ukuta wa mji kutoka nje na hajui ni nini.

Basi hivyo ndivyo ilivyoanza. Anayesukwa ndiye anayesoma, na wanaongoja zamu wanasikiliza. Habari zikaenea. Ikawa mkeka wa Bertha haukaukiwi na watu. Wanawake ambao nywele zao zingeweza kukaa hata mwezi walizifumua kabla ya wakati ili wapate sababu ya kuja. Mke wa mwalimu mmoja alisukwa twende kilioni, akarudi wiki ileile anadai zimembana, na kila mtu aliona hazijambana hata kidogo. Waliposikia kwa mara ya kwanza pale kwenye punje ya mtama walipiga makofi, wakadai mwandishi lazima ana ndugu hapa mjini.

Yalizuka mabishano. Hamida, mtoto wa wavuvi, alikataa kabisa kwamba bahari ile haina pweza. Alisema bahari ni bahari, uigandishe uifanye vyovyote, pweza atapata tundu lake. Wengine wakauliza watu wa kule wanakojoa wapi, na maji hayo yanakwenda wapi, na Bertha, kwa uso wa mtu mzito, akasema Babu Bati anayachuja. Walicheka mpaka dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita akasimama kuuliza kuna nini, akakaa, akasahau abiria wake sokoni.

Mzee Fidelis alikuwa anajifanya hayamhusu. Ukuta kati ya kibanda chake na cha Bertha ulikuwa wa mabati tu, na kila akisalimiwa shikamoo aliitikia marahaba kisha akaongeza kwamba anasikitika kuona watu wazima wanalishwa uongo wa watoto. Hadi siku ambayo msomaji, binti mwenye haraka, aliruka aya moja. Nyundo ya mzee ikanyamaza. Sauti ikatoka upande wa pili wa mabati: "Hapo umepunguza. Ulisema Babu Bati ameinua mkono, hukusema ameinua kwa nini. Rudi nyuma." Siku iliyofuata alihamisha kigoda chake na viatu vyake vyote akaja kufanyia kazi mlangoni pa Bertha.

Kitabu kiliisha vibaya. Ufa ulitokea kwenye barafu, Tatu akaingia ndani yake kumfuata mwenzake aliyepotea, na ufa ukajifunga. Babu Bati alibaki nje, mkono wake mmoja umebanwa ndani, na akasema anahisi vidole vya mtoto vimemshika. Chini yake maandishi madogo: mwisho wa kitabu cha kwanza. Hamida ndiye aliyekuwa anasoma. Aligeuza karatasi, akatazama nyuma ya jalada, akakitikisa kitabu kana kwamba kimemeza kitu.

Bertha alimpigia Romana siku ileile. Romana akauliza huku na huku, akajibu kwamba shuleni kipo cha kwanza tu. Lakini muuza vitabu mmoja wa Lindi mjini amesema kitabu cha pili kiliwahi kuja, na vitabu vyote vya namna hiyo huchukuliwa na mtu mmoja wa Kilwa Masoko, fundi wa mtambo wa barafu, anaitwa Josephat. Namba yake hii hapa.

Bertha alipiga akiwa amesimama katikati yetu. Alikuwa amepanga salamu ndefu, nilimsikia anaifanyia mazoezi, lakini simu ilipopokelewa yote ikampotea.

"Habari za kazi, kaka. Samahani, hunijui. Mimi naitwa Bertha, niko Mtama. Nilitaka kuuliza, Tatu alitoka mle kwenye ufa?"

Tulisikia kitu kinanguruma nyuma yake.

"Kitabu cha kwanza umemaliza lini?" akauliza.

"Leo."

"Pole sana, dada. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kujua."

Bertha akamwomba amwambie. Josephat akakataa, akasema akimwambia itakuwa kama amemlia chakula chake. Akaombwa akitume kwa basi. Hapo akaeleza kwa upole kwamba aliapa kitabu chake kisitoke tena mlangoni, kwa sababu cha mwisho alichoazima alikuja kukiona kwa muuza chapati, kila sura imefunga chapati yake. Bertha alinyamaza. Nadhani yule bwana alisikia huo ukimya, maana baada ya muda akasema kitabu hakitoki Kilwa, lakini sauti haikuapiwa.

Kuanzia hapo, kila alasiri mtambo ukishashika baridi na yeye hana la kufanya ila kungoja maji yagande, Josephat alipiga simu na kusoma. Bertha aliiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ipande. Nasi tukaizunguka ile sufuria kama imepikiwa pilau.

Sijui nisemeje kuhusu sauti ya mtu yule. Ilikuwa pana, yenye utulivu, ya mtu wa milima ya Kipatimu asiye na haraka na neno. Alimsoma Tatu bila kubana sauti, na bado tulimwona mtoto. Aliposoma Babu Bati, Hamida aliyejivunia Babu Bati wake alikubali mbele ya watu kwamba ameshindwa. Tatu hakuwa amekufa. Ndani ya ufa kulikuwa na bahari nyingine, na humo mlikuwa na viumbe vyenye mikono mingi vinavyoongea kwa kuwakawaka. Hamida alisimama akatutazama mmoja mmoja. Hakusema neno pweza. Hakuwa na haja.

Sura ikiisha, wengine walikwenda zao, lakini simu haikukatwa mara moja. Bertha aliitoa kwenye sufuria, akaizimia spika, akaenda nayo nyuma ya kibanda. Mwanzoni nilidhani wanazungumza habari za kitabu, na kweli walizungumza habari za kitabu. Nilimsikia akibisha kwamba Babu Bati anawapenda wale watoto kwelikweli, siyo kwamba amepangiwa. Kisha nikamsikia anauliza kama barafu ikitoka kwenye mtambo inakuwa na harufu. Kisha nikamsikia anacheka tu, muda mrefu, bila neno lolote.

Ilipobaki sura moja, simu ikanyamaza.

Alasiri ya kwanza tulisema mtandao. Ya pili mzee Fidelis akasema huenda tumemchosha. Bertha alipiga, namba haipatikani. Mkeka ulijaa watu waliokaa kama msibani, na sufuria katikati. Bertha alimsuka mke wa mwalimu twende kilioni upande mmoja na yebo yebo upande wa pili, na mama wa watu akabaki anageuza kichwa huku na huku mbele ya kioo.

Hamida ndiye aliyemfungukia. "Dada Bertha, wewe humlilii Tatu."

"Najua," Bertha akasema, akaanza kufumua upande mmoja.

Asubuhi yake kibanda kilikuwa na kufuli. Alikwenda Kilwa. Yaliyomkuta huko alitusimulia mwenyewe, na Josephat baadaye akasimulia upande wake, na hayakutofautiana ila mahali pamoja: kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyeona haya zaidi.

Alishuka Masoko akauliza penye mtambo wa barafu, akaonyeshwa jengo dogo upande wa bandarini. Mlango ulikuwa wazi, ndani hakuna mngurumo. Mtambo umefunguliwa vipande vipande sakafuni, na chini yake imetokeza miguu ya mtu. Akapiga hodi.

"Karibu, dada Bertha," ile sauti ikasema kutoka chini ya mtambo. "Ningoje nitoke, nimechafuka."

Bertha alicheka mpaka akakaa juu ya kasha la samaki. Alikuwa amesema hodi tu, neno moja, na mtu amemjua. Josephat akajivuta akatoka. Kwa ile sauti Bertha alikuwa amejichorea mtu mrefu wa kifua kipana. Alitoka mtu mfupi, masikio makubwa, kipara kinang'aa kwa grisi, hana unywele wa kusukwa hata mmoja. Bertha anasema alifurahi sana, kwa sababu yule mrefu angemwogopa.

Mtambo uliharibika siku ile ya kwanza tuliyongoja. Josephat akiinama kuutazama, simu ilimteleza mfukoni ikatumbukia kwenye tangi la maji ya chumvi, ikafa na namba zote alizokuwa nazo. Alikuwa hajui kibanda cha Bertha kiko wapi hasa. Alikuwa amepanga kwamba mtambo ukipona atapanda basi aje Mtama, aulize kila msusi kama ana sufuria inayoongea.

Siku hiyo Bertha hakukaa kama mgeni. Alijifunga kanga, akamshikia tochi, akampa spana alizotaja na nyingine asizozitaja. Vidole vyake vilipita mahali ambapo vya Josephat vilikwama, na kuna waya fulani mwembamba alioupitisha yeye. Mtambo ulipoanza kunguruma, wavuvi waliokuwa wanangoja nje walishangilia. Bertha na Josephat wakala muhogo na samaki wa kukaanga, kitabu kiko mezani kati yao, sura ya mwisho haijasomwa. Josephat akasema, kwa kuwa yuko hapa, wanaweza wakaimaliza.

Bertha alikitazama kitabu. Alitamani kujua, anasema. Kisha akakisukuma pembeni. "Ukinisomea hapa, nikifika Mtama Hamida atanijua usoni, na maisha yangu yatakuwa yamekwisha."

Kwa hiyo Josephat alikuja kwetu Jumapili, baada ya misa. Kiapo chake cha kitabu kisitoke mlangoni alikitengua, akasema kitabu hakikuazimwa, kimesindikizwa. Alivaa shati jeupe, kitabu kimefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga, na kwenye ndoo ya plastiki yenye pumba za mbao alikuwa amebeba bonge la barafu. Watu walijaa mpaka wakafunga njia ya kuingia stendi. Wasichana wa shule walikuwepo, Romana naye alikuwa ameomba ruhusa akaja, na waliokuwa wanapita walikaa bila kujua kuna nini. Josephat alilipasua lile bonge akatugawia vipande, kila mtu kipande mkononi, akasema tukishike na tusikilize.

Akasoma. Mji unapoteza joto. Tatu, aliyekwishatoka kwenye ufa, na wenzake wamejikunja chumba kimoja, hewa inageuka vumbi la barafu. Babu Bati anapiga hesabu yake ya mwisho na kuona kwamba kuna joto moja tu lililosalia, lile lililomo kifuani mwake. Anajifungua kifua mwenyewe. Anawaambia watoto wahesabu kwa sauti ili wasilale, na wao wanahesabu, na macho yake yanafifia taratibu hadi yanazimika wao wakiwa bado wanahesabu.

Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye mikono ya watu wote. Mzee Fidelis alivua kofia. Kipande chake kiliyeyuka chote na hakufungua ngumi. Josephat mwenyewe, aliyekwishasoma maneno yale mara nyingi, alipoteza mstari akautafuta kwa kidole. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho kabisa, ambao una mistari michache tu. Joto limerudi mjini. Tatu, akiwa mtu mzima sasa, anapangusa vumbi kwenye uso wa Babu Bati, kama anavyofanya kila asubuhi. Na asubuhi hii, ndani kabisa ya jicho la kushoto, kuna nukta ya mwanga, ndogo kama punje ya mtama.

Kelele zilizotoka pale zilifika sokoni. Watu walikumbatiana wasiojuana. Hamida alimbeba Romana juujuu, na yule mke wa mwalimu, sijui kwa nini, alinikumbatia akaniachia alama ya maji ya barafu mgongoni.

Kulipotulia, mzee Fidelis akajipangusa uso, akamgeukia mgeni. Akamuuliza kama ana mke. Josephat akajibu kwamba hana, mzee, hakuwahi kumpata wa kumvumilia na vitabu vyake. Mzee akauliza sasa kinachomzuia ni nini. Josephat, mwenye sauti ya kujaza sufuria, akakosa sauti. Akabaki anayapapasa masikio yake makubwa.

Bertha alikuwa ameketi kwenye kigoda chake cha kusukia, kipande cha barafu bado mkononi. "Kitabu cha tatu unacho?" akamuuliza.

"Bado hakijatoka."

"Basi tukingoje pamoja."

Walifunga ndoa baada ya Pasaka, parokiani. Gauni nilishona mimi, la buluu kwa sababu alikataa jeupe. Mzee Fidelis alisimama kutoa nasaha kwa maharusi, akaanza vizuri, na katikati akaingia kwenye suala la kama Babu Bati alikuwa na roho, mpaka padre mwenyewe akajikuta anambishia. Bertha alihamia Masoko na kibanda chake kipya kiko hatua chache kutoka kwenye barafu. Wanawake wa huko wameanza kulalamika kwamba nywele zao hazikai muda mrefu.

Cha tatu kilitoka mwaka huohuo. Nilikuwa nimekwenda kuwatembelea kilipofika, na niliona walivyokipokea. Hakuna aliyekubali mwenzake atangulie, na hakuna aliyekubali kusomewa, kila mmoja alitaka kuyaona maneno kwa macho yake. Wakakaa barazani bega kwa bega, kitabu kimoja juu ya mapaja yote manne. Josephat husoma taratibu, midomo ikichezacheza. Bertha alimaliza ukurasa mapema, akabaki ameishika kona ya karatasi kwa vidole viwili, ameuma midomo kuzuia kicheko, macho yake yamo kwenye uso wa mumewe. Josephat alipofika mstari wa chini akaguna. Bertha akafunua.